Mpiga Enanga ni Mtunzi: Muziki wa Kagera tangu Kikale cha Rumanyika

Mwishoni mwa mwaka 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliingia Karagwe na kupokewa na mfalme wake, Omukama Rumanyika. Speke hakukaa sana. Januari 1862 alishika njia ya Buganda kutafuta chanzo cha mto Nile, akamwacha mwenzake akiuguza mguu uliomtesa kwa miezi. Vitabu vya historia humkumbuka aliyeondoka. Sisi watu wa Kagera tuna sababu ya kumkumbuka aliyebaki, kwa maana mgonjwa huyo alikuwa na muda wa kusikiliza. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1864 Grant alieleza ala za muziki alizozikuta huko, na kati ya zote akaipa heshima ya kwanza nanga, yaani enanga yetu, yenye nyuzi saba au nane. Mmoja wa wapigaji aliowasikia alikuwa bibi kizee, na nyuzi zake zilikuwa zimepangwa kwa ufundi ambao hata sikio la mgeni kutoka Uskochi liliutambua. Anayedai kwamba enanga ni ala ya wanaume peke yao na akasome ukurasa huo.

Ushuhuda huo una uzito kwa sababu ulitangulia misheni, kahawa ya kuuza nje na redio. Ulitangulia pia mji wa Bukoba, ambao Emin Pasha aliuanzisha kama kituo cha Wajerumani mwaka 1890. Maana yake ni kwamba ufundi ule haukuletwa na mtu. Ulikuwepo umekomaa, una wapigaji wenye majina na wasikilizaji wenye kuchagua.

Kwa msomaji ambaye hajaiona, enanga ni kipande kimoja cha mti kilichochongwa kikawa na tumbo lenye kina kifupi, mfano wa sinia refu. Juu yake hupitishwa uzi mmoja mrefu, ambao zamani ulikuwa wa mishipa ya ng'ombe. Uzi huo huzungushwa kwenye mapengo ya ncha moja na nyingine, ukienda na kurudi, mpaka unakuwa nyuzi saba au nane zenye sauti tofauti. Mpigaji huketi, huiweka ala mapajani au mbele yake, kisha huidonoa kwa vidole vya mikono yote miwili. Sauti yake si kubwa. Haikutengenezwa kwa ajili ya uwanja, ilitengenezwa kwa ajili ya ndani ya msonge, usiku, watu wakiwa wamekaa kimya. Ndugu zake wako Rwanda na Burundi, ambako huitwa inanga, na Ankole na Kigezi nchini Uganda. Buganda nao wanalo jina karibu lilelile, ila ala yao ni kinubi chenye shingo iliyopinda. Ukanda wote huu wa Maziwa Makuu, basi, ulikuwa na utamaduni wa mtu mmoja, nyuzi na hadithi ndefu.

Nasisitiza neno hilo, ndefu. Mpiga enanga wa Kihaya hakuwa mwimbaji wa vijiwimbo vya kupisha muda. Aliimba tendi. Aliimba habari za Mugasha, mwenye ziwa na tufani, habari za Kachwenyanja, habari za Rukiza. Tendi hizi zilikuwa na wahusika wanaosema kwa sauti zao, zikapanda na kushuka, zikasimama kwenye mafumbo ya methali kisha zikaendelea, na vidole vilijua wakati wa kunyamaza ili neno lisikike. Mkoa wetu una fani nyingine jirani, ebyebugo, ambamo mtu husimama mbele ya mkubwa wake na kujisifu kwa maneno ya haraka bila ala. Kuna omutoro, ngoma ya heshima, na kulikuwa na makondere yaliyopulizwa kumtangaza mfalme. Lakini ni kwenye enanga peke yake ndipo mtu mmoja alikuwa mshairi, mwanahistoria, mpigaji na mtunzi kwa wakati mmoja.

Muundo wa nchi ulimsaidia. Wahaya hawakuwa na dola moja. Walikuwa na falme kadhaa: Karagwe, Kiziba, Kyamutwara, Kianja, Ihangiro na nyinginezo. Eneo linaloitwa Muleba leo linachukua Ihangiro pamoja na sehemu ya Kianja ya zamani, ile ya uwanda wa Kamachumu. Kila Omukama alikuwa na kikale chake, yaani makao yake ya kifalme, na kila kikale kilihitaji watu wa kukipa fahari. Mpiga enanga hodari alipata chakula, zawadi na ulinzi. Alipata pia kitu ambacho msanii yeyote hukihitaji kuliko mali, yaani wasikilizaji wanaoujua utendi tayari, hivyo wanaoweza kutofautisha aliyeukariri na aliyeumiliki.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo, na nitaitetea kwa kumtaja Joseph Haydn. Mtunzi huyo wa Austria, ambaye kila shule ya muziki duniani humfundisha, aliajiriwa mwaka 1761 na ukoo wa watawala wa Esterházy. Alivaa sare ya watumishi wa nyumba ile na kutunga kile ambacho bwana wake alitaka kusikia. Hakuna anayesema kwa sababu hiyo kwamba muziki wake ni burudani ya kienyeji. Unaitwa klasiki, kwa kuwa una mafunzo marefu, una kanuni, una kazi kubwa zinazopokezanwa, na una mtu anayezibeba kwa jina lake. Sifa hizo zote alikuwa nazo mpiga enanga wa Ihangiro. Tofauti yake na Haydn ni karatasi. Kazi za Haydn ziliandikwa kwa nota, zikasafiri bila yeye. Za kwetu zilikaa ndani ya mtu, na mtu alipozikwa zilizikwa naye, isipokuwa kama alikuwa amemfundisha mwingine.

Na kwa muda wa miaka mia moja sababu za kutomfundisha mwingine ziliongezeka. Mapadre Weupe walifungua misheni ya Kashozi mwaka 1892. Seminari ya Rubya, katika Ihangiro yenyewe, ikawa mahali ambapo vijana wenye akili nyingi za nchi walijifunza Kilatini na nyimbo za Kigregori. Upande wa Walutheri, kanisa lilitangulia wamisionari, kwani lilianzishwa na Wahaya walioipata imani Buganda na waliokutana kwa siri, kabla wamisionari wa Betheli hawajafika mwaka 1910. Kuanzia miaka ya 1930 uamsho ulipopita, waliookoka walitakiwa kuachana na pombe na ngoma, na enanga ilikuwa imeshafungamana na vyote viwili, kwa kuwa ilisikika penye rubisi na ilisifu mizimu kama Mugasha. Sina nia ya kuwalaumu wazee wale. Waliona wanachagua uzima. Ila kijana mwenye sikio zuri, ambaye babu yake angempeleka akae miguuni pa mpiga enanga, sasa alipelekwa kwaya.

Kahawa nayo ilileta fedha, na fedha ikaleta gramafoni. Kisha likaja pigo la kiserikali. Serikali ya Tanganyika huru ilifuta utawala wa kichifu mwaka 1963, na vikale vikabaki magofu au makazi ya watu binafsi. Siutetei ufalme. Nyarubanja, mfumo wake wa ardhi wa mabwana na wapangaji, ilikuwa dhuluma na ilistahili kuondoka. Lakini hakuna aliyeuliza nani sasa atamtunza mpiga enanga. Alihamia harusini na kwenye vilabu vya pombe, mahali ambapo utendi wa saa nzima hauna nafasi kati ya kelele.

Mtu anaweza kudhani kwamba kuvunjika namna hiyo hakuponi. Basi atazame taifa dogo la Armenia, lililovunjwa vibaya zaidi, aone lilifanya nini na muziki wake.

Mwaka 1869, katika mji wa Kütahya uliokuwa chini ya dola ya Wauthmani, alizaliwa mtoto aliyeitwa Soghomon Soghomonian. Mama alifariki mtoto akiwa mchanga, baba akafuata mtoto akiwa bado mdogo. Mwaka 1881 kasisi mmoja aliyetafuta yatima mwenye sauti nzuri alimchukua hadi Etchmiadzin, makao makuu ya Kanisa la Armenia. Mtoto alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na hakujua Kiarmenia, alisema Kituruki tu. Aliposimama mbele ya mkuu wa kanisa aliimba wimbo wa kanisa la Kiarmenia bila kuelewa maneno yake, na mzee yule akaguswa, akampokea. Alipokuwa mtawa alipewa jina la Komitas. Alisoma muziki Berlin kati ya mwaka 1896 na 1899, akarudi na elimu yote ya Ulaya kichwani.

Alichofanya na elimu ile ndicho kinachotuhusu. Alikwenda vijijini. Aliwafuata wakulima mashambani, wakati wa kulima na wa kupura, kwenye harusi na kwenye hija, akaandika nyimbo zao kwa nota za Kiarmenia, ambazo zilimwezesha kuzinasa kwa haraka. Alikusanya maelfu, zaidi ya elfu moja zimetufikia. Tena hakuishia kukusanya. Alizitungia kwaya, na kwa piano akatunga mfululizo wa ngoma za Kiarmenia ambamo piano inatakiwa isikike kama ala za kijijini, mara kama zumari, mara kama dafu. Kwangu mimi huo ndio ujasiri mkubwa zaidi katika kazi yake. Watunzi wengi wa wakati ule walichukua wimbo wa kijijini na kuuvalisha nguo za Ulaya. Komitas aliichukua ala ya Ulaya akaitaka ijifunze lugha ya kijiji.

Tarehe 24 Aprili 1915 alikamatwa Constantinople pamoja na mamia ya wasomi wa Kiarmenia, mwanzoni mwa mauaji ya kimbari yaliyowaua Waarmenia wengi, idadi ambayo wanahistoria wengi huiweka kati ya laki sita na milioni moja na nusu. Yeye alirudishwa hai, lakini akili yake haikupona. Alifariki karibu na Paris mwaka 1935 baada ya miaka mingi hospitalini. Vijiji vingi alivyopita vilikuwa vimefutika, watu wake wameuawa au wametawanyika jangwani. Nyimbo zao zikabaki kwa sababu mtu mmoja alizifuata mapema na daftari mkononi.

Na habari hii ilifika Afrika Mashariki kwa miguu ya watoto. Mwaka 1924 Ras Tafari, ambaye baadaye alikuwa Mfalme Haile Selassie, alizuru Yerusalemu. Katika monasteri ya Waarmenia alisikia bendi ya matarumbeta ya vijana yatima waliookoka mauaji yale. Aliomba apewe. Vijana arobaini walihamia Addis Ababa mwaka uleule, na Waethiopia wakawaita Arba Lijoch, watoto arobaini. Aliyewaongoza ni Kevork Nalbandian, Muarmenia mzaliwa wa Aintab, ambaye ndiye aliyetunga muziki wa wimbo wa taifa wa Ethiopia uliotumika mpaka mapinduzi ya mwaka 1974. Mpwa wake, Nerses Nalbandian, aliendeleza kazi hiyo kwa miongo, akafundisha, akaongoza okestra ya ukumbi wa Haile Selassie, akatafuta njia ya kuzipanga sauti za Kiethiopia kwa ala za Kizungu bila kuzipotosha. Alifariki Addis Ababa mwaka 1977. Mtu akiufurahia muziki wa dansi wa Ethiopia wa miaka ya 1960, wenye saksafoni zinazolia kwa namna isiyopatikana kwingine, anasikia pia kazi ya familia ya wakimbizi iliyoheshimu masikio ya wenyeji wake.

Turudi nyumbani. Kagera nayo ilikuwa na watu wa namna hiyo, ila wachache wanawajua. Chuo cha Kilutheri cha Makumira, karibu na Arusha, kilikuwa na mwalimu Mmarekani, Howard Olson, aliyewahimiza wanafunzi wake watunge nyimbo za ibada kwa tuni za makwao badala ya kutafsiri za Kijerumani. Miongoni mwao walikuwamo vijana wawili wa Kihaya. Bernard Kyamanywa aliandika mwaka 1966 wimbo wa Pasaka, Mfurahini, Haleluya. Wilson Niwagila alitunga wimbo wa kumwomba Roho Mtakatifu, Njoo Kwetu, Roho Mwema. Niwagila ndiye pia aliyeandika historia ya dayosisi ya kaskazini magharibi ya kanisa lake. Wimbo wa Kyamanywa ulifasiriwa kwa Kijerumani mwaka 1969 na kuingizwa katika kitabu rasmi cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani. Fikiria mzunguko huo: mwaka 1910 Wajerumani walileta nyimbo Bukoba, na zaidi ya nusu karne baadaye makanisa ya Ujerumani yakawa yanaimba Pasaka kwa wimbo wa mchungaji wa kwetu. Nimekutana na Wahaya wengi wanaoujua wimbo huo kwa moyo, ambao hawakuwahi kuambiwa ni nani aliyeuandika.

Enanga yenyewe ilipata daftari lake kwa kuchelewa. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki kutoka Afrika Kusini, alipita Tanganyika mwaka 1950 na mashine yake akarekodi, pamoja na mengine, muziki wa Wahaya. Kanda zake ziko Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954. Peter Seitel, Mmarekani, alikusanya fasihi simulizi ya Kihaya na kuichambua katika vitabu viwili. Lakini kazi iliyokwenda ndani zaidi ni ya mwenyeji, Mugyabuso Mulokozi. Wasomaji wa Kiswahili wanamjua kwa mashairi ya Malenga wa Bara aliyoyatunga pamoja na Kulikoyela Kahigi, kwa Ngome ya Mianzi na kwa tamthilia ya Mukwava wa Uhehe. Wachache wanajua kwamba tasnifu yake ya udaktari, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1986, ilihusu tendi za enanga za Wahaya. Kabla ya hapo, mwaka 1983, alikuwa ameuliza katika jarida la kimataifa kama wapiga nanga wa Tanzania ni wasanii wa tendi. Swali hilo lilikuwa zito, kwa sababu kulikuwa na wataalamu wa Ulaya walioandika kwamba Afrika haina tendi. Mulokozi aliwajibu kwa kuwapeleka msongeni wakasikilize.

Msanii aliyemsikiliza kwa makini kuliko wote ni Habibu Selemani, aliyezaliwa karibu mwaka 1929 na kufariki mwaka 1993. Mwaka 1997 Mulokozi alichapisha makala ya maisha yake na kumwita wa mwisho kati ya manju wale. Nimelitafakari jina hilo mara nyingi. Habibu aliishi nyakati zote nilizozieleza. Alizaliwa Wakama wakiwa bado katika vikale vyao, akawa kijana wakati wa kahawa, akawa mtu mzima utawala wa kichifu ulipofutwa, na mwaka 1978 jeshi la Idi Amin lilipovuka mpaka na kuteka ardhi kaskazini ya mto Kagera alikuwa anaelekea miaka hamsini. Katika misukosuko hiyo yote aliendelea kuzibeba tendi. Mtu wa namna hii Armenia angekuwa kwenye noti ya benki. Kwetu ana makala katika jarida la kigeni.

Miaka aliyozeeka ilikuwa miaka ya giza kwa mkoa mzima. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa Tanzania walitoka Kagera. Kwa miaka zaidi ya kumi, watu wa umri wa kuzaa na kulea walizikwa mfululizo, na kuna nyumba Muleba zilizobaki na bibi na wajukuu tu. Tunapohesabu hasara ile huwa tunahesabu walimu, wauguzi na wakulima, na ni haki. Lakini enanga hupita kutoka kwa mzee kwenda kwa mtu mzima, kisha kwa kijana, na kizazi cha katikati ndicho kilichokatika. Yatima wa Armenia walikuwa na mwalimu na ala. Yatima wetu walipata daftari za shule na unga, msaada wa lazima na wa kushukuriwa. Ala hawakupewa.

Hata hivyo sauti ya Kihaya haikunyamaza. Mwaka 2001 binti wa Rwongwe, Bukoba, Saida Karoli, alitoka na Maria Salome, na nchi nzima ikaimba Kihaya bila kukielewa, kuanzia Mtwara hadi Mwanza. Alipanda jukwaani na ngoma yake, akaimba kwa mtindo ambao mtu yeyote aliyewahi kusikia wanawake wa kijijini wakiimba harusini aliutambua papo hapo. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliutumia wimbo huo kutengeneza Salome, ukavuka mipaka ya Afrika Mashariki, na mwaka uliofuata Saida mwenyewe akarudi na Orugambo. Wako wanaosema mafanikio hayo yanatosha. Mimi nayafurahia, ila sikubali kwamba yanatosha. Wimbo wa dakika nne unaweza kuwaonyesha watu lango la nyumba. Tendi za enanga ndizo nyumba yenyewe, na mlango wake unazidi kufungwa kila mzee anapoondoka.

Komitas alianza kazi yake akiwa na kalamu peke yake. Leo kijana yeyote wa Nshamba au Kamachumu ana simu inayorekodi vizuri kuliko mashine ya Tracey. Kwa hiyo naomba mambo matatu kwa wasomaji wa Kagera, wa nyumbani na wa ughaibuni. Mwenye babu au bibi anayejua hata kipande cha utendi amrekodi mwaka huu, akitaja jina lake, kijiji chake na tarehe mwanzoni mwa rekodi. Mwenye kaseti za zamani za enanga asizitupe. Azinakili, nakala moja aipeleke Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Kihaya na tendi zake vina wanaovijua. Na walimu wa muziki wa shule na seminari za Bukoba na Muleba, ambao tayari wana kinanda darasani, waiweke enanga kando yake na kumtafuta mzee mmoja wa kuifundisha, alipwe kama mwalimu mwingine yeyote.